Adapta ya Sanduku la Harusi

Montréal, 12 Machi 2023

Mdogo wangu Nazih,

Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, na kama una mafua yawe yale yako ya kila Machi, ambayo sote tumeshayazoea. Sisi huku tupo, theluji juu, shukrani chini. Mwambie mkeo Nawal nambusu mashavu yote mawili. Nasikia mwaka huu ameshika Kwaresima kwa ukali, na wewe unafunga naye sebuleni kisha unamsaliti jikoni. Usiulize nani kaniambia. Al-Mina ni mji mdogo na madirisha yake hayafungwi.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu unayoijua. Kwenye simu mimi na wewe tunapiga kelele, tunaulizana hali ya hewa, na mmoja akivuta pumzi aseme la maana mtandao wako unakatika. Barua haikatiki. Hii anakuja nayo binti wa Mitri muuza rangi, mpe kahawa.

Sasa jambo lenyewe. Harusi ya Maysa imewekwa tarehe tisa Septemba. Bwana harusi ni mtu mwema, mrefu kuliko inavyohitajika. Maysa ana ombi moja tu: asubuhi ya siku hiyo, kabla ya kuvaa, akae na mimi atazame video ya harusi yangu na baba yake. Unajua Ghattas alikufa Maysa akiwa bado hajajua kufunga kamba za viatu. Hana kumbukumbu ya baba yake akitembea. Ana picha ukutani, na picha hazitembei.

Kanda aliyoirekodi baba yetu ililiwa na ukungu wa bahari, kwa hiyo video imebaki mahali pamoja tu, kwenye lile sanduku la diski ambalo Maysa alikutumia uhifadhie kanda zote za baba. Siku zote tulikuwa tukilifungua kutoka huku kwa mtandao. Kunakili, kila siku tulisema tutanakili kesho. Juzi Maysa kajaribu, sanduku halionekani kabisa. Hebu chungulia nyuma ya televisheni. Labda Nawal amelichomoa apate pa kuchomeka pasi.

Dada yako,
Nuhad

*

Al-Mina, 2 Aprili 2023

Dada Nuhad,

Barua imefika, binti wa Mitri amekunywa kahawa, kisha akanywa tena, kisha akatuambia bei ya nyanya Montréal mpaka Nawal akahuzunika. Sisi wazima. Maua ya machungwa yamefunguka na mji mzima unanukia kama kabati la mama. Nawal anasema zile habari za jikoni ni uzushi, ingawa amehamisha jibini.

Nimempongeza Maysa kwa simu lakini nadhani alisikia nusu. Mwambie mjomba wake anafurahi mpaka vifungo vya shati vinaona haya.

Kuhusu sanduku, Nawal hana hatia. Mwenye hatia ni umeme wa serikali. Siku hizi tunaishi kwa jenereta ya mtaa, ile ya Abu Rizk, ampea tano kwa nyumba: friji na taa, au pasi na sala. Jumapili ya kwanza ya Machi umeme wa serikali ukaja bila kubisha hodi. Ulipoingia, jenereta ikapisha, taa zikawaka kama mchana wa Agosti, kisha nyuma ya televisheni pakanuka plastiki. Nimekagua. Sanduku lenyewe zima. Kilichokufa ni adapta yake, lile tofali jeusi dogo linaloleta umeme. Kitaa chake cha kijani kimezimika na mwili umevimba kidogo, kama mimi baada ya Pasaka.

Usiwe na wasiwasi, nimepata dawa ndani ya nyumba. Unajua kila nyumba hapa ina betri ndogo ya ruta, ya kushikilia mtandao umeme unapokatika. Nimetazama chini yake: volti kumi na mbili. Nimetazama adapta ya marehemu: volti kumi na mbili. Na ncha ya waya inaingia kwenye sanduku kama mtoto kwenye kitanda chake. Kesho nalifufua.

Nikilifungua nitaipunguza video kidogo, ili isafiri upesi. Mule katikati kuna sehemu ndefu nyeusi tupu. Nadhani unaikumbuka vizuri kuliko mimi. Umeme ulikatika ukumbini ngoma ya dabke ikiwa imekolea, kamera ya baba ikaendelea kwa betri yake, ikirekodi giza. Taa ziliporudi Ghattas alikuwa ameshika mkono wangu, ameuweka kifuani kwake, akiamini ni wa bibi harusi. Ukumbi mzima ulicheka. Mpaka leo nikipita sokoni kuna wazee wanaoniuliza mume wangu hajambo. Mimi kila siku nawajibu Ghattas aliniambia gizani kwamba mikono yangu ni laini kuliko ya dada yangu.

Giza hilo nitalikata. Baba mwenyewe alikuwa akiwakatia wateja wake wa video za harusi, wasije wakasema wamelipia usiku.

Mdogo wako,
Nazih

*

Montréal, 23 Aprili 2023

Mdogo wangu Nazih,

Kristo amefufuka, nawe jibu hukohuko ulipo. Tulioka maamul, vile vibiskuti vyetu vya Pasaka, za tende na za karanga. Zile za karanga zilitoka kama mawe, Maysa akasema ladha yake ni ile ya kwetu, na sikujua nimshukuru au nimpige. Theluji imeondoka, mashimo ya barabara yamebaki.

Usikate giza.

Nakwambia kwanza hilo ili usilisome ukiwa umechoka. Usikate kitu chochote. Video iache ilivyo, hata ikichukua wiki kufika huku. Kama ni nzito, iwe nzito.

Na sanduku je? Ulisema kesho, na kesho yako imeshapita.

Nuhad

*

Montréal, 11 Juni 2023

Nazih,

Salamu kwa Nawal. Kwako pia, ila zako zimepungua.

Nimengoja barua mpaka tarishi ameanza kunionea huruma. Hilda, mke wa Mitri, amepiga simu kwa dada zake walio huku, dada zake wakanipigia mimi: wewe ni mzima, umeonekana ufukweni ukila aisikrimu ya malai, mkono mmoja mfukoni, kama waziri aliyestaafu. Kwa hiyo mgonjwa si wewe. Mgonjwa ni sanduku, na wewe unaona haya kuniambia.

Nakujua tangu ulipovunja redio ya babu ukakaa chini ya kitanda mpaka ukapata homa. Toka chini ya kitanda, uniambie.

Maysa ananiuliza kila Jumapili. Namwambia mjomba wako anashughulika. Mara ya mwisho aliinuka, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Dada yako

*

Al-Mina, 25 Juni 2023

Dada,

Nimetoka chini ya kitanda. Ile aisikrimu ilikuwa ya huzuni, lakini najua kwa mbali haionekani hivyo.

Nawal anakusalimu. Joto limeanza. Mjukuu wa jirani amezaliwa, wamempa jina la babu yake, na babu yake analia kila akimwita mtoto, kwa hiyo jengo zima linalia.

Nilifanya nilivyokwambia. Nilichomeka betri ya ruta kwenye sanduku. Taa zikawaka zote, nikamwita Nawal aone ni mume gani aliyemwoa. Diski zikaanza kuzunguka, nikasikia ule mvumo tunaoujua, kisha ikaja sauti ndani yake: tak. Tak. Kisha kimya, taa zikazimika. Halafu likajiwasha lenyewe, mvumo, tak, tak, likafa tena. Nililichomoa, nikachomeka, nikasali, nikachomeka. Vilevile. Kama mtu anayeamka, anakumbuka jambo baya, anarudi kulala.

Diski zimekufa, Nuhad. Kila niliyemsimulia mlio huo ameinamisha kichwa. Nimelifunika kwa kitambaa kile cha mama chenye maua, maana sikuweza kulitazama wakati wa chakula. Sikukuandikia kwa sababu niliona nikishaandika jambo litakuwa kweli.

Usiseme nilikosea volti. Nimekaa na adapta iliyokufa na miwani ya Nawal, nikanakili maneno yake yote kama mtu anayesoma jiwe la kaburi: volti 12, ampea 5, alama ya pipa la taka lililokatwa kwa msalaba, na Kichina. Betri ya ruta: volti 12, ampea 2, na Kichina pia. Kumi na mbili kwa kumi na mbili. Ndugu kabisa.

Kuna jingine, nalo ndilo lililoniweka chini ya kitanda zaidi. Ulipoandika usikate giza, nilielewa unachokitaka. Hukuniuliza mwaka ule Ghattas aliniambia nini gizani, wala alipokufa, na mimi nimekuwa nikiwapa watu utani wa mikono laini. Basi nikasema, kama sanduku limekufa, mimi nilikuwepo, mkono ulikuwa wangu, nitamwandikia dada maneno ya Ghattas mwenyewe. Nikakaa barazani na kalamu. Nikayatafuta. Nikakuta utani wangu umekaa mahali pake, umejinyoosha. Najua alisema jambo kuhusu kungoja. Maneno yenyewe sinayo, na sitakutungia mengine.

Ndugu yako asiyefaa hata kuazimwa,
Nazih

*

Montréal, 14 Julai 2023

Mdogo wangu mpenzi,

Nimesoma barua yako nikalia, kisha nikaisoma tena nikacheka, Maysa akaniondolea chai akidhani nimeugua. Wote wazima. Gauni limekuja, limekuwa refu, linapunguzwa.

Sasa keti chini. Nawal akae karibu, ashuhudie.

Nazih, wewe unaishi kwa ampea tano. Kila barua yako tangu jenereta ianze ina pasi na friji ndani yake. Ni wewe uliyenieleza kwamba Nawal akichomeka pasi friji ikiwa inafanya kazi, breka inaanguka, nyumba inakuwa giza, na Abu Rizk anapigiwa simu. Umeniambia mara ngapi kwamba volti ipo lakini ampea hazitoshi? Kisha unachukua adapta ya ampea tano, unaweka mahali pake betri ya ampea mbili, na diski zikishindwa kuzunguka unazifunika sanda ya mama.

Ruta ni taa. Sanduku lina diski mbili za kuzungushwa, hilo ni pasi na friji pamoja. Kila zikijaribu kuondoka, umeme unaisha, zinaanguka, zinaanza upya. Ile tak ni breka yako ya nyumbani, ila ndogo. Maysa amesoma kwenye mtandao akasema mama yuko sahihi, na sijui lini nimesikia maneno hayo mara ya mwisho katika nyumba hii.

Huenda diski nzima kabisa. Sema huenda. Usilichomeke tena hata mara moja. Wala usinunue chochote madukani Tripoli, nakujua, utarudi na kitu kinachofanana. Maysa ameagiza adapta halisi ya sanduku hilohilo, volti na ampea zilezile, na Hilda, ambaye yuko huku kwa dada zake, anakuja nayo. Ikifika ichomeke kwenye kile kidhibiti cha umeme ulichomwekea mama kwenye friji, si ukutani.

Umesema ulielewa ninachokitaka. Nami nitasema mara moja, tusirudie. Nilimuuliza Ghattas usiku uleule tulipofika nyumbani: uliniambia nini gizani? Akacheka, akasema, muulize Nazih, yeye ndiye bibi harusi niliyemwambia. Nikasema nitamuuliza siku nyingine. Niliona nina siku nyingi. Alipougua nikaona kuuliza ni kama kumwambia anakufa. Alipokufa sikuweza kukuuliza wewe, kwa sababu ungenitania, nami nisingekusamehe, na nilikuwa nimebakiwa na ndugu mmoja.

Maysa anataka kumwona baba yake akitembea. Mimi nataka kusikia alichokusudia kuniambia, mtu mwingine akakipokea. Ni hilo tu.

Dada yako

*

Al-Mina, 27 Agosti 2023

Dada,

Nawal amesoma ile sehemu ya pasi na friji mbele ya majirani. Amesimama, amesoma kwa sauti, amerudia. Abu Rizk alikuwepo, amekuja kudai, akacheka mpaka akasahau kilichomleta. Kwa hiyo barua yako imenisaidia upande mmoja.

Wazima sote. Tini zimeiva.

Sasa usikilize safari ya adapta. Hilda aliteremka Beirut mwisho wa Julai, na badala ya kuja kaskazini akapanda Zahle kwa binti yake, kwa siku mbili, alisema. Zahle ikampenda. Nikipiga simu ananiambia yuko mtoni na kwamba niache wasiwasi, kile kitu chako kiko salama ndani ya soksi. Dada, nimeishi Agosti nzima nikifikiria soksi. Nikamwambia nakuja kuichukua, akasema usisumbuke, narudi Alhamisi, hakutaja ya wiki gani. Alhamisi hii ndiyo iliyokuwa yenyewe. Akanikabidhi soksi ya mumewe, na ndani yake, kati ya dawa za presha na kipande cha sabuni, adapta.

Niliitoa nikaiweka mezani tukaitazama. Nawal akasoma maandishi yake kwa sauti, ampea kwanza. Nikavua kitambaa cha mama. Nikachomeka kwenye kidhibiti kama ulivyoagiza, nikangoja sindano yake itulie, kisha nikaingiza ncha kwenye sanduku. Nikabonyeza swichi.

Taa. Mvumo. Tak, moja. Nawal akanishika bega. Tukangoja ya pili. Haikuja. Mvumo ukapanda, ukakaa, ukaendelea, ule mvumo wa zamani ambao nilikuwa nikiuita kelele na kuufungia mlango. Nawal akapiga kigelegele, jirani wa juu akaitikia bila kujua kwa nini, na ndivyo tulivyo.

Nimetazama yote. Baba, kama kawaida yake, ameanza na meza ya vyakula, anapita sahani kwa sahani kama ndizo zinazooana. Mama anapita, anamwambia piga picha watu, watu. Mimi nipo, mwembamba, nina nywele, na ninazichezea kila baada ya kitambo kama ninayejua zitaondoka. Ghattas yuko kichwani mwa dabke, leso mkononi, anakanyaga chini kama anayefunga mlango kwa kisigino. Mwambie Maysa anatembea vilevile yeye anavyotembea: bega la kulia linatangulia.

Kisha giza. Nilikuwa nimewaambia wote watoke, Nawal pia. Nikasogea karibu na spika.

Yapo, Nuhad. Baba alikuwa amesimama karibu na sisi, pumzi zake zinasikika. Maneno yote yapo, na nilikuwa nimeyakumbuka vibaya. Sikuandikii. Ni yako, na yalishanipitia mimi mara moja kwa makosa. Sikukata kitu. Video inapanda kwenye mtandao kuja kwenu tangu asubuhi, polepole, na nimekataza pasi ndani ya nyumba mpaka ifike.

Nazih

*

Montréal, 17 Septemba 2023

Mdogo wangu Nazih,

Maysa ameolewa. Ulituona kwenye simu lakini najua uliona dari na kiwiko cha mtu, kwa hiyo nakuandikia. Bwana harusi alijitahidi katika dabke, akamkanyaga padri. Maamul za karanga zilitoka laini safari hii, hakuna aliyenisifu, wote walikuwa wanatazama gauni. Mpe Nawal sabuni na kitambaa cha meza nilivyompa Hilda, na soksi umrudishie Mitri.

Asubuhi ile tulikaa wawili, Maysa na mimi, kanzu za nyumbani, nywele kwenye vibanio. Ghattas alipoanza kucheza Maysa alisimama, akatembea kutoka dirishani mpaka mlangoni, akarudi, akatazama bega lake. Akakaa tena, akanishika mkono.

Kisha umeme ukakatika, kule, mwaka ule. Skrini nyeusi. Viti vinaanguka, watu wanacheka, mtu anapiga mluzi, baba anakohoa. Na halafu yeye, karibu kabisa, kwa ile sauti niliyokuwa nimeanza kuisahau, Nazih, nakwambia kweli sasa, nilikuwa nimebakiwa na maneno yake mengine bila sauti yake:

"Nuhad, sikiliza. Siku zote umeme ukikatika namna hii, usinitafute, nguo ndefu utaanguka. Wewe simama hapo ulipo, nitakuja mimi."

Na sauti yako, nyembamba, imeudhika: "Mimi Nazih, mwehu wewe."

Na yeye, hata hakuuachia mkono: "Basi na wewe simama."

Taa zikarudi, ukumbi ukacheka, na mimi naonekana pale nyuma, peke yangu, mikono mitupu, nacheka kuliko wote.

Tulirudisha tukasikiliza tena mpaka mtu wa nywele akagonga mlango. Maysa alikwenda kanisani na uso uliooshwa upya, watu wakasema bibi harusi ana nuru.

Tangu siku ile nafikiria. Alipokufa Ghattas sikusimama. Nilimbeba mtoto nikaja huku, na sijutii, maisha yalikuwa huku. Lakini sote tuliondoka, mmoja mmoja, na mlango wa nyumba yetu ukabaki wazi kwa sababu yupo mtu mmoja aliyeambiwa asimame, kwa makosa, akasimama. Na ampea zake tano.

Unaniuliza kila mwaka nakuja lini, nami kila mwaka nakujibu kuhusu hali ya hewa. Nimeshachukua tiketi ya Pasaka. Usije uwanja wa ndege, utapotea, unajulikana. Usihangaike na chochote, wala usijaribu kutengeneza kitu.

Wewe simama hapo ulipo. Nakuja mimi.

Nuhad